Mkunga au Daktari Bingwa? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Atakayekuhudumia Ujauzito Wako

Katika hospitali nyingi za Tanzania, ziwe za serikali, za misheni au za binafsi, mtu utakayekuwa naye kwa saa nyingi zaidi siku ya kujifungua ni mkunga. Ndiye anayekupokea, anayepima njia imefunguka kiasi gani, anayesikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na mambo yakienda vizuri ndiye anayempokea mtoto. Daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi huja akiitwa, au anapokuwa na upasuaji uliopangwa. Nimeanza na hili kwa sababu wajawazito wengi wa mjini hulipia kliniki ya bingwa miezi yote wakiamini kwamba ndiye atakayekesha nao leba. Kwa upande mwingine wapo wanaobaki zahanati hadi uchungu unaanza, ilhali wana kovu la upasuaji ambalo lilipaswa kuwapeleka hospitali mapema.

Wote hao wameuliza swali moja: nani anajua zaidi? Mimi ningependa uulize hivi: mimba yangu ina nini, na shida ikitokea saa nane za usiku, nani atanifikia, baada ya muda gani, na atakuwa na vifaa gani? Hatua zinazofuata zitakusaidia kulijibu. Nazungumzia zaidi Tanzania Bara, kwa sababu mfumo wa rufaa, kadi na simu za dharura hutofautiana kati ya nchi na nchi. Yanayohusu mwili wa mama ni yaleyale popote ulipo.

Hatua ya 1: Mjue nani ni nani

Mkunga ninayemzungumzia hapa ni mtaalamu aliyesoma chuo, aghalabu muuguzi mkunga mwenye diploma ya miaka 3 au shahada ya miaka 4, aliyesajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kazi yake ni mimba, uzazi na siku za baada ya kujifungua. Anapima, anatoa dawa za kinga, anazalisha, anashona michubuko midogo, anazuia damu isitoke kupita kiasi, anamsaidia mtoto aliyezaliwa amechoka aanze kupumua. Mama akipata kifafa cha mimba, mkunga wa zahanati ndiye anayepaswa kumchoma dozi ya kwanza ya magneziamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, kabla gari la rufaa halijaondoka.

Mkunga wa jadi ni mtu mwingine kabisa. Bibi yule anaweza kuwa na mikono mizuri na moyo wa huruma, na bado ana nafasi yake: kumshauri mama, kumsindikiza, kumkanda mgongo. Lakini hana oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, wala damu, na hawezi kuona presha inapopanda. Asiwe ndiye mpango wako wa kujifungua.

Daktari bingwa ni aliyemaliza shahada ya udaktari ya miaka 5, akafanya mwaka wa mazoezi kazini, kisha akarudi chuo kwa shahada ya uzamili ya miaka 3 katika magonjwa ya wanawake na uzazi. Utamkuta hospitali za rufaa za mikoa kama Temeke, Amana, Mawenzi au Sekou Toure, hospitali za kanda kama Bugando na KCMC, Muhimbili, na hospitali kubwa za binafsi. Tangu 2024 kambi za madaktari bingwa wa Mama Samia huzunguka hospitali za halmashauri kwa siku chache kila mahali, na ukiwa mbali na mji hiyo ni nafasi ya kuonwa bila kusafiri. Uliza hospitali ya wilaya yako kambi ijayo ni lini.

Katikati ya hao wawili yupo mtu ambaye watu humsahau: daktari wa kawaida, au daktari msaidizi. Katika wilaya nyingi ndiye anayefanya upasuaji wa kumtoa mtoto, na madaktari wasaidizi wamekuwa wakifanya kazi hiyo nchini tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo kuambiwa "daktari yupo" hakumaanishi bingwa yupo. Vilevile, kukosekana kwa bingwa hakumaanishi upasuaji hauwezekani.

Hatua ya 2: Anza kliniki, hata kabla hujaamua

Usisubiri uchague. Nenda kituo cha karibu kabla ya wiki ya 12, ukaonwe na mkunga, upewe kadi. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016, ambayo Tanzania imeyafuata, ni mahudhurio 8: la kwanza kabla ya wiki 12, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Wengi huja mwezi wa tano au wa sita, tumbo linapoonekana. Kufikia hapo baadhi ya mambo ambayo bingwa angeyafanyia kazi mapema yameshapita wakati wake. Mfano ni aspirini ya dozi ndogo kwa mama aliye katika hatari ya kifafa cha mimba: huandikwa na mtaalamu, na inatakiwa ianze kabla ya wiki ya 20.

Siku hiyo ya kwanza utapimwa presha, uzito, urefu, mkojo, wekundu wa damu, kundi la damu, VVU, kaswende na malaria, na kila inapowezekana homa ya ini aina ya B. Utapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, chanjo ya pepopunda ukistahili, na chandarua. Dawa ya SP ya kukinga malaria huanza mimba ikishaingia miezi mitatu ya pili, na hurudiwa kwa kuacha angalau mwezi mmoja kati ya dozi na dozi. Anayetumia septrini kwa sababu ya VVU hapewi SP, kwa hiyo mwambie mkunga dawa zote unazotumia. Utrasaundi moja kabla ya wiki ya 24 inatosha kwa mama asiye na tatizo: inathibitisha umri wa mimba, inaonyesha kama ni mapacha, na kondo la nyuma limekaa wapi.

Yote haya mkunga anayamudu, utrasaundi ikiwa kituo kinayo. Majibu yake ndiyo yatakayokuambia kama unamhitaji bingwa.

Hatua ya 3: Isome kadi yako mstari kwa mstari

Kadi ya kliniki ya mjamzito ina sehemu ya maswali mafupi, yenye visanduku vya ndiyo na hapana. Mama wengi huiona kama karatasi ya nesi, wakaiweka ndani ya mfuko wa nailoni mpaka hudhurio lijalo. Hebu itoe, keti na mwenzako, muipitie pamoja. Inauliza umri wako. Inauliza kama ni mimba ya tano na kuendelea. Inauliza kama miaka 10 au zaidi imepita tangu mimba ya mwisho, kama uliwahi kupasuliwa, kama mimba mbili au zaidi ziliharibika, kama mtoto alizaliwa mfu au akafariki ndani ya wiki ya kwanza, kama ulitokwa damu nyingi au kondo likakwama, kama una ugonjwa wa moyo, kisukari au kifua kikuu. Inapima kimo chako: chini ya sentimita 150 inawekwa alama.

Kila alama hapo ina uzito wake, na si zote zinakupeleka kwa bingwa. Hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu ndiyo kiini cha uamuzi wote.

Zipo hali ambazo mimi sioni mjadala: bingwa akuone, na ujifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu. Kovu la upasuaji wa uzazi ndilo la kwanza. Ukiwa na kovu moja na sababu ya upasuaji ule haijirudii, inawezekana ukajifungua kwa njia ya kawaida, lakini mahali ambapo upasuaji unaweza kufanyika mara moja, kwa kuwa kovu linaweza kuachia wakati wa uchungu. Makovu mawili au zaidi kwa kawaida huishia kwenye upasuaji uliopangwa. Tena kovu likiwepo na utrasaundi ikaonyesha kondo limekaa chini, mbele, juu ya kovu lenyewe, hiyo ni hatari ya kondo kung'ang'ania kwenye mji wa mimba, na inahitaji hospitali kubwa yenye damu ya kutosha. Usikubali kuambiwa "tutaona".

Mapacha nao ni wa bingwa, hasa wakitumia kondo moja, kwa sababu mmoja anaweza kumnyima mwenzake damu. Hao hufuatiliwa kwa utrasaundi kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16. Presha uliyokuwa nayo kabla ya mimba, kifafa cha mimba kilichopita, kisukari, ugonjwa wa moyo, figo, selimundu (siko seli), kifafa unachotumia dawa: zote hizi mkunga hazibebi peke yake. Selimundu naisisitiza kwa mama wa Kanda ya Ziwa, ambako ugonjwa huu ni wa watu wengi. Wapo wanaofichwa na familia kwamba "ni damu kidogo tu", kisha mimba inawaelemea mwezi wa nane.

Kundi la damu lenye Rhesus hasi (kama O- au A-) halikulazimu uwe na bingwa muda wote, ila linahitaji mtu atakayehakikisha sindano ya kinga inapatikana, karibu na wiki ya 28 na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye Rhesus chanya. Kituo kidogo huwa hakina sindano hiyo. Itafuteni mapema.

Hali nyingine ni za kuongeza jicho tu. Mimba ya kwanza, umri chini ya miaka 20, umri wa miaka 36 ukiwa na afya njema, mimba ya tano: mkunga anaendelea na kliniki, bingwa au daktari anakuona mara moja au mbili, na kujifungua kunahamia hospitali. Mimba ya tano na kuendelea huonekana nyepesi kwa sababu mama amezoea, lakini mji wa mimba uliozaa mara nyingi unaweza kushindwa kujikaza baada ya mtoto kutoka, damu ikamwagika kwa kasi.

Na kuwa na VVU peke yake hakukuondoi kwa mkunga. Wakunga wa kliniki ya uzazi na mtoto wamefundishwa kutoa dawa za kufubaza virusi na kumkinga mtoto, na wengi wana uzoefu wa kazi hiyo kuliko bingwa wa mtaani. Kinachohitajika ni kipimo cha wingi wa virusi kifanyike kwa wakati.

Kama umeipitia kadi yote na hakuna alama, presha iko chini ya 140/90, wekundu wa damu ni 11 au zaidi, mtoto ni mmoja na anakua, basi mkunga anakutosha. Narudia: anakutosha. Mapitio ya tafiti 15 yaliyochapishwa na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaolinganisha tafiti za afya, mwaka 2016, yakiwa na wanawake zaidi ya 17,000, yalionyesha kwamba wenye mimba za kawaida na wengine wenye hatari ndogo, waliohudumiwa na wakunga walewale kuanzia kliniki hadi baada ya kujifungua, walipata watoto njiti wachache zaidi, na hapakuonekana madhara zaidi kwa mama wala mtoto kulinganisha na waliofuata mifumo mingine. Tafiti hizo zilifanyika Uingereza, Australia, Kanada na Ireland, ambako mkunga akiita daktari, daktari anafika. Ndiyo maana hatua ya 5 hapa chini ina uzito kwetu kuliko kwao.

Hatua ya 4: Chagua mpangilio, usichague mtu mmoja

Mpangilio ninaoupendekeza kwa walio wengi ni wa kuchanganya. Kliniki zote 8 kwa mkunga wa kituo cha karibu, halafu uonane na daktari mara mbili: karibu na wiki ya 20 majibu yote yakiwa mkononi, na karibu na wiki ya 36 kuangalia mlalo wa mtoto, kondo, na mahali pa kujifungulia. Ikiwa mtoto bado ametanguliza matako wiki ya 36 au 37, daktari mwenye uzoefu anaweza kujaribu kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo, hospitalini, upasuaji ukiwa tayari. Mtoto akigoma, mnapanga. Msimwachie mtu wa kukanda tumbo nyumbani afanye kazi hiyo.

Mwenye alama nzito anageuza mpangilio: bingwa anaongoza, mkunga wa karibu anasaidia kupima presha na mkojo katikati ya mahudhurio. Jambo moja linaharibu mpangilio huu mara kwa mara, nalo ni kuwa na kadi mbili. Mama anahudhuria kliniki ya serikali kwa ajili ya chandarua na kadi, na kliniki ya binafsi kwa ajili ya utrasaundi, na hawa wawili hawajuani. Presha iliyopanda kule haionekani huku. Beba nyaraka zote kila unapokwenda, na mwombe bingwa aandike alichokiona ndani ya kadi ya kliniki, japo mistari miwili.

Hatua ya 5: Kagua mahali pa kujifungulia

Mtaalamu mzuri katika jengo lisilo na damu ana mikono iliyofungwa. Nenda ukaone mwenyewe mwezi wa saba, mchana, na ikiwezekana mume au dada yako aulize tena usiku. Uliza hivi:

- Usiku na wikendi, wakunga wangapi wako zamu leba, na kwa wastani wanahudumia kina mama wangapi kwa mara moja?
- Upasuaji unafanyika hapahapa? Anayepasua na mtaalamu wa usingizi wanalala hapa au wanapigiwa simu nyumbani?
- Damu ipo kwenye jokofu la hapa, au inafuatwa hospitali nyingine?
- Mtoto akizaliwa njiti au akishindwa kupumua, anahudumiwa wapi?
- Mkinipa rufaa, nitapelekwa wapi na kwa gari gani?

Sikiliza jinsi wanavyojibu. Mkunga anayesema "mtaalamu wa usingizi anaishi Kihonda, usiku anachukua kama nusu saa" amekupa taarifa ya kweli unayoweza kupanga nayo. Anayekujibu "usijali, kila kitu kipo" hajakuambia kitu.

Kuna swali moja zaidi ambalo ningependa kila mama aulize: baada ya mtoto kutoka, damu mnaipimaje? Kwa miaka mingi imekadiriwa kwa macho, na macho hukosea. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Wakunga waliwekewa plastiki ya kukingia damu chini ya makalio ya mama, yenye mistari ya vipimo, wakafundishwa kutoa matibabu yote kwa pamoja mara damu inapozidi: kukanda mji wa mimba, dawa za kuukaza, dawa ya kugandisha damu, dripu, na kukagua damu inatoka wapi. Visa vya kutokwa damu kwa kiasi kibaya vilipungua kwa asilimia 60. Waliofanya kazi hiyo kitandani walikuwa hasa wakunga. Kituo ambacho wakunga wake wanaijua plastiki hiyo na wanaitumia, kwangu kinapata alama kuliko chenye mapokezi ya vioo.

Kama huna alama yoyote ya hatari, kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi ni chaguo zuri sana, na mara nyingi utapata utulivu kuliko wodi ya wazazi ya hospitali ya mkoa iliyojaa. Zahanati inafaa pia pale ambapo njia ya kwenda hospitali ni fupi na inapitika hata mvua ikinyesha. Ukikaa ng'ambo ya mto unaofurika masika na tarehe yako ni mwezi wa nne, hamia mjini kwa ndugu, au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito kama hospitali yako inayo, wiki mbili au tatu kabla.

Hatua ya 6: Zungumza na mtaalamu kabla ya kumkabidhi mwili wako

Ukienda kwa bingwa wa binafsi, muulize waziwazi: siku ya uchungu utakuwepo? Ukiwa safarini, nani anachukua nafasi yako? Nitajifungulia hospitali gani? Hilo uliulize, maana wengine wana chumba cha kliniki mtaani na hawana mkataba na hospitali yoyote. Muulize pia ni mambo gani yanamfanya ashauri upasuaji. Jibu zuri lina sababu za kitabibu: mlalo wa mtoto, kondo, mapigo ya mtoto, uchungu usiosonga. Jibu la "tutapanga tarehe nzuri" wiki ya 30, kwa mama asiye na tatizo, linanitia shaka. Upasuaji huokoa maisha unapohitajika. Usipohitajika unakuachia kovu litakaloifuata kila mimba ijayo. Ukipangwa kwa sababu halali, kwa kawaida husubiri wiki ya 39 ili mapafu ya mtoto yakomae, isipokuwa kuna jambo linalolazimisha mapema.

Kwa mkunga, angalia mambo mengine. Je, anapima presha kila hudhurio, au anaandika namba ya mwezi uliopita? Anakugusa tumbo na kusikiliza mtoto? Ukimwambia kichwa kinauma, anauliza zaidi au anakupa panado? Anakuambia lini atakupeleka kwa daktari? Mkunga anayejua mpaka wake ndiye wa kumng'ang'ania. Na akikutolea maneno ya kukudhalilisha kliniki, una haki ya kuomba mwingine au kubadili kituo, bila kuomba radhi. Mama aliyetukanwa mara moja huficha dalili mara ya pili, na hapo ndipo hatari inapoingia.

Ukitaka kuhakikisha mtu ana leseni, uliza Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa mkunga, au Baraza la Madaktari Tanganyika kwa daktari.

Hatua ya 7: Fedha

Kisera, huduma za mjamzito katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo. Uhalisia ni kwamba vituo vingi hukuagiza uje na glovu, pamba, kibana kitovu, mpira wa kutandika, na baadhi ya dawa zikiisha utazinunua. Uliza orodha mwezi wa sita ununue kidogo kidogo. Hospitali ya binafsi, omba bei ya kifurushi kwa maandishi na uulize kisichokuwemo: upasuaji wa dharura, mtaalamu wa usingizi, damu, siku za mtoto kwenye wodi ya watoto wachanga. Hilo la mwisho ndilo linalofilisi familia. Mwenye bima athibitishe na ofisi ya bima yake kwamba hospitali hiyo imo na kifurushi chake kinagusa upasuaji.

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, usiimalizie kwenye kliniki za kifahari za miezi yote. Weka ya mahudhurio mawili ya bingwa na ya dharura.

Hatua ya 8: Mkubaliane nyumbani

Uamuzi wa usiku wa manane usifanywe usiku wa manane. Keti na mume, mama mkwe, na yeyote ambaye neno lake husikilizwa katika nyumba yenu, mkubaliane mapema: nani anaondoka na wewe, nani anabaki na watoto, nani wawili watakaotoa damu, fedha ya nauli iko wapi. Sema mbele ya wote kwamba mkunga akisema rufaa, hakuna kumsubiri baba arudi safari ndipo aruhusu. Mama mkwe aliyezaa saba nyumbani anaweza kuona yote haya ni woga. Mweleze kwa heshima, umwonyeshe kadi. Mara nyingi akishaelewa kuhusu kovu au presha, yeye ndiye anakuwa mkali kuliko wote.

Andika namba 115 mahali kila mtu ataiona. Ni simu ya bure ya mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 baada ya kuanzia Kanda ya Ziwa. Ukipiga, mhudumu anauliza dalili, kisha anatafuta gari la wagonjwa, au dereva wa kijamii aliye karibu ambaye mfumo unamlipa. Unamhusu mjamzito, mama hadi siku 42 baada ya kujifungua, na mtoto mchanga wa hadi siku 28.

Hatua ya 9: Ujue lini chaguo lako linabadilika

Mimba ya kawaida haina hati ya kubaki hivyo. Haya yakitokea, usisubiri tarehe ya kliniki: kichwa kuuma sana, kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, damu ukeni hata kidogo, maji kutoka kabla ya uchungu, homa, kupumua kwa shida, degedege, mtoto kupunguza kucheza. Nenda hospitali moja kwa moja, usiku huohuo.

Mengine yanakupa siku chache tu. Presha ya 140/90 au zaidi, protini kwenye mkojo, wekundu wa damu chini ya 7, tumbo lisilokua: mkunga akuandikie rufaa siku hiyohiyo, na daktari aamue. Akisita, omba. Sema tu, "Naomba unipeleke kwa daktari na uandike kwenye kadi." Sentensi hiyo ina nguvu, kwa kuwa kilichoandikwa kina mwenyewe.

Na ukiwa leba, kupelekwa kwa daktari hakumaanishi mkunga ameshindwa kazi. Mtoto husikilizwa mapigo angalau kila nusu saa, na yanatakiwa yawe kati ya 110 na 160 kwa dakika. Mkunga akiona yanashuka, au njia haifunguki huku mtoto hashuki, anapiga simu. Hiyo ndiyo kazi yake ikifanyika vizuri.

Hatua ya 10: Baada ya kujifungua

Hapa wengi hulegea. Vifo vingi vya uzazi hutokea mtoto akishazaliwa, hasa saa 24 za kwanza, kwa hiyo usikubali kuruhusiwa mapema kwa sababu kitanda kinahitajika. Mahudhurio yanayotakiwa ni ndani ya saa 48, siku ya 7, siku ya 28 na siku ya 42. Mkunga anatosha kwa hayo, isipokuwa ulikuwa na presha, kifafa cha mimba, kisukari au mshono unaotoa maji. Hao warudi kwa daktari. Presha inaweza kupanda baada ya kujifungua hata kwa ambaye haikumsumbua kabla, kwa hiyo kichwa kikali siku ya tano kinahesabiwa kama kile cha mwezi wa nane.

Kama ulipasuliwa, kabla ya kuondoka wodini omba uandikiwe mambo matatu: sababu ya upasuaji, aina ya mkato uliofanywa kwenye mji wa mimba wenyewe, na kama palitokea tatizo lolote. Mshono wa nje hauonyeshi mkato wa ndani ulikwenda vipi, na bingwa atakayekuona mimba ijayo atahitaji kujua hilo kabla hajakushauri ujaribu kawaida au upasuliwe tena. Pigia karatasi hiyo picha, kisha iweke pamoja na kadi.